Mpiga Ramli wa Mapokezi

Mgeni wa chumba namba 14 alikuwa hali nyama. Alitwambia mara mbili: kwanza kwa barua pepe kabla hajafunga mizigo kwao, kisha kwa mdomo alipofika mapokezi usiku, amechoshwa na foleni ya kivuko cha Likoni. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi dereva akambishia mlango: gari la Shimoni liko tayari, mzee, na jahazi la Kisite halingoji mtu. Mzee wa watu hakuwa ameomba safari yoyote. Akarudi kitandani na hasira zake. Jioni, hasira zilipokuwa zimeanza kupoa, akaletewa sahani ya mbuzi wa kuchoma.

Dereva alimlaumu binti wa mapokezi. Binti wa mapokezi akaulaumu upande wa jikoni. Mama Jikoni, kama tulivyomwita mpishi wetu mkuu, akatoa karatasi yake ya siku ile na kuitandaza juu ya meza ya meneja. "Mimi nimepika nilichoandikiwa," alisema. Alikuwa na haki. Dereva naye alikuwa na haki, kwa sababu karatasi yake ilimtaja mgeni wa namba 14 waziwazi. Karatasi zote mbili zilitoka kwenye kompyuta moja, na kompyuta hiyo niliifundisha kazi mimi.

Ulikuwa mwaka 2013. Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Mombasa na cheti cha kompyuta, pamoja na kiburi cha kutosha cheti hicho. Hoteli yenyewe, ambayo sitaitaja, ilikuwa ndogo: vyumba 26 vya makuti nyuma ya minazi, upande ule ambao ukishuka kutoka Ukunda mpaka barabara ya ufukweni unageuka kulia, unaziacha hoteli kubwa za Diani mgongoni na kuendelea mpaka kelele zikuishie. Hapo ni Galu. Wageni wake walikuwa wa namna mbili: wazee waliokuja kukaa kimya, na vijana waliofuata upepo, kusi ikivuma au kaskazi, ili wavutwe baharini na matiara yao makubwa. Meneja alikuwa amechoka na daftari la mapokezi. Mali bila daftari hupotea bila habari, alikuwa akisema, lakini daftari lake lenyewe lilikuwa limekwisha kupotea mara mbili. Akanipa kazi ya kulihamishia kwenye kompyuta.

Alitaka kujua mambo matano juu ya kila mgeni. Amelipia chai ya asubuhi? Anataka kupokewa kwenye kiwanja cha ndege cha Ukunda? Hali nyama? Anakwenda Kisite na Wasini? Ana mzio wa vyakula vya baharini? Maswali matano, na kila swali jibu lake ni ndiyo au hapana. Mtu mwenye akili za kawaida angetengeneza jedwali lenye safu tano, kila safu na jina lake, akaenda zake kuogelea. Mimi nilijiona nina akili zaidi ya hizo.

Fikiria duka lenye mizani ya mawe. Tuseme mwenye duka ana mawe matano tu: la kilo 1, la 2, la 4, la 8 na la 16. Kwa mawe hayo atapima kila uzito kuanzia kilo 1 hadi 31, na kila uzito una njia moja tu ya kupatikana. Akikwambia amepima kilo 5, huhitaji kuchungulia sahani ya mizani. Ni jiwe la 4 na jiwe la 1. Hakuna namna nyingine. Akikwambia kilo 21, ni la 16, la 4 na la 1. Namba moja inakutajia mawe yote yaliyopandishwa na yote yaliyoachwa chini.

Ndivyo nilivyofanya. Chai ya asubuhi nikaipa 1, kiwanja cha ndege 2, asiyekula nyama 4, Kisite 8, mzio 16. Kisha, badala ya safu tano, nikaweka moja tu na kuiita huduma. Mgeni aliyelipia chai na hali nyama anaandikiwa 5. Ndani ya mashine hiyo 5 ni 00101: biti tano, kila moja imewaka au imezimwa. Wataalamu huziita bendera, na sisi wa ufukweni tunaelewa kwa nini. Bendera ya pwani haina maelezo marefu. Ama imepandishwa mlingotini, ama haijapandishwa.

Hila hii ni kongwe na ina heshima yake. Ruhusa za mafaili kwenye Unix zimejengwa hivyo hivyo: 4 ni kusoma, 2 ni kuandika, 1 ni kuendesha, na ndiyo maana mafundi huandika 755 bila kueleza. Vifurushi vya data vinavyopita kwenye intaneti hubeba bendera za namna hiyo, biti moja ikisema naomba tuzungumze, nyingine ikijibu nimekusikia, nyingine ikiaga nimemaliza. Sikuwa nimebuni kitu. Nilichokuwa sijajua ni kwamba mashine zile husomana zenyewe kwa zenyewe, na mimi nilikuwa naandikia watu.

Kuuliza swali kwenye SQL, lugha ya databesi, kulikuwa rahisi na kulinipendeza mno. Orodha ya wasiokula nyama niliipata hivi:

SELECT chumba FROM wageni WHERE (huduma & 4) = 4;

Ile alama ya & huzipanga namba mbili moja juu ya nyingine, biti kwa biti, na kuandika 1 pale tu ambapo zote mbili zina 1. Ukizikutanisha 00101 na 00100, hubaki 00100. Ni kama kuufunika mlingoti wote kwa kitambaa chenye tundu moja: unaiona bendera ya tatu tu, nyingine zinakuwa kama hazipo. Ukiona 4, bendera iko juu. Ukiona 0, iko chini. Nilimwonyesha meneja mstari huo mmoja na akatikisa kichwa kwa heshima, ile heshima ambayo mtu humpa daktari anapoandika asichoweza kukisoma.

Sasa rudi kwenye chumba namba 14. Barua pepe ya mzee ilipokuja, binti wa mapokezi alibofya kitufe cha asiyekula nyama. Mzee alikuwa na 1 ya chai, programu ikaongeza 4, akawa 5. Sawasawa. Alipofika usiku na kurudia ombi lake, yule binti, kwa uangalifu ambao ningempa zawadi, alibofya tena. Na nyuma ya kitufe kile mimi nilikuwa nimeandika hivi:

UPDATE wageni SET huduma = huduma + 4 WHERE chumba = 14;

Tano na nne ni tisa. Tisa ni 01001: jiwe la 8 na jiwe la 1. Bendera ya nyama ikashuka na bendera ya Kisite ikapanda, kwa mbofyo mmoja, bila onyo lolote. Mizani ina kila jiwe moja tu, na mawe mawili ya 4 uzito wake ni jiwe moja la 8. Nilitumia hesabu ya kujumlisha mahali palipotaka kitendo cha kupandisha bendera, na bendera iliyokwisha kupanda haipandi mara ya pili.

Dawa yake ilikuwa alama moja. Badala ya huduma + 4 unaandika huduma | 4, yaani biti hiyo iwe 1, iwe ilikuwa imewaka au haikuwaka. Ubofye mara moja au mara mia, 5 inabaki 5. Kushusha nako kuna njia yake, huduma & ~4, ambapo ~ huzigeuza biti zote kinyume, ili kila bendera ibaki ilivyo isipokuwa ile ya 4. Kwenye kitufe cha kughairi mimi nilikuwa nimeandika kutoa. Jaribu uone: 5 toa 4 ni 1, vizuri. Bofya tena: 1 toa 4 ni hasi 3, na namna kompyuta inavyoziandika namba hasi, hasi 3 ina karibu biti zote zimewaka. Mgeni aliyeghairi mara mbili angeamka na kukuta ana mzio, hali nyama, na jahazi linamngoja Shimoni.

Nilisahihisha usiku uleule. Nilidhani mambo yameisha. Asubuhi Mama Jikoni akaniita nyuma ya jikoni, alipokuwa amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi.

"Mwanangu, tisa ni nini?"

Kwenye karatasi yake, kando ya kila chumba, programu ilichapisha ile namba ya huduma. Niliiacha pale kwa sababu mimi ilinisaidia. Nikamweleza: tisa ni nane na moja, nane ni Kisite, moja ni chai. Akauliza ishirini na moja. Nikamweleza. Akauliza kumi na mbili. Nikamweleza. Alikuna nazi yake kimya kwa muda.

"Kwa hiyo jana ile karatasi ilinambia mzee anakwenda Kisite, tena halikutajwa neno la nyama, na mimi naiangalia tu kwa sababu sijui kuisoma. Ningejua, ningeuliza. Yule mzee nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia binti hali nyama." Akaipangusa mikono. "Wewe umekuwa kama mpiga ramli. Mchanga tunauona sote, lakini wa kuusoma uko peke yako."

Hakujua amegusa wapi.

Nimekulia Kinondo, kusini kidogo tu ya ufukwe ule, kandokando ya msitu wa Kaya Kinondo, mmoja wa misitu ya kaya za Wamijikenda iliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Nilipokuwa mdogo palikuwa na mzee mmoja aliyekaa chini ya mbuyu na sinia ya mchanga mweupe. Baba, aliyekuwa akisomesha madrasa, alitukataza kumkaribia. Ramli haramu, alisema, na wanazuoni wengi wanasema hivyo. Kwa hiyo tulikwenda kumtazama kwa kujificha. Mtu alikuja na shida yake: ng'ombe amepotea, mume yuko Maskati na haandiki, mtoto hapati usingizi. Mzee akapiga vidoto mchangani kwa kidole, haraka haraka, bila kuhesabu, mistari minne. Kisha akavifuta viwili viwili. Mwisho wa kila mstari kilibaki kidoto kimoja au viwili. Mistari minne, kila mmoja una moja au mbili: hicho ndicho kielelezo kimoja cha ramli, na vielelezo vyote vinavyowezekana ni 16.

Miaka mingi baadaye, nikiwa Mombasa darasani, mwalimu alipoandika ubaoni kwamba biti nne hutoa namba 16, niliiona sinia ile. Ramli ni elimu iliyosafiri pamoja na Kiarabu. Mwanahistoria Ibn Khaldun aliieleza katika Muqaddima, karne ya 14, na hakuisifu. Mwanahisabati Leibniz aliandika makala yake juu ya hesabu ya sifuri na moja mwaka 1703. George Boole alitoa kitabu chake cha kanuni za kufikiri mwaka 1854, na kutoka kwake tumepata ndiyo na hapana za kompyuta zote. Lakini mchangani, chini ya mbuyu, tayari palikuwa na kitendo ambacho SQL inacho. Vielelezo viwili vikikutana huzaa cha tatu: unahesabu vidoto vya mstari wa kwanza wa vyote viwili, ikiwa ni witiri unaandika kimoja, ikiwa ni shufwa unaandika viwili, kisha mstari wa pili, wa tatu, wa nne. Mpiga programu anakiita kitendo hicho XOR, na kwenye MySQL, databesi yetu ya wakati ule, anakiandika kwa alama ya ^. Biti mbili zikitofautiana andika 1, zikifanana andika 0.

Kwa hiyo Mama Jikoni aliposema nimekuwa mpiga ramli, alisema kweli kuliko alivyokusudia. Uwezo wote wa mzee wa mbuyu ulitokana na kitu kimoja: watu waliona alama wasiweze kuzisoma. Na mimi, bila ya kukusudia, nilikuwa nimejipatia uwezo uleule. Dereva alinipigia simu kuuliza 26 ni nini. Meneja hakuweza kutoa ripoti nisipokuwapo. Nilijiona mtu muhimu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeifanya hoteli nzima isiweze kuniona ninapokosea.

Somo la pili lilikuja mwezi uliofuata, na mwalimu alikuwa yuleyule. Nilikuwa nimempa karatasi mbili badala ya moja, zisizo na namba za ajabu: wenye mzio wa vyakula vya baharini, na wasio nao. Ya kwanza ilitoka na sharti (huduma & 16) = 16, ya pili na (huduma & 16) = 0. Kila mgeni ama ana mzio ama hana. Kila mgeni lazima awe kwenye moja ya karatasi hizo. Hivyo ndivyo nilivyodhani.

"Hapa kuna majina manne," alisema Mama Jikoni, "na hapa 34. Hiyo ni 38. Mimi usiku huu nina vichwa 41. Hao watatu watakula nini, upepo?"

Nilihesabu mara tatu. Watatu hao walikuwapo kwenye jedwali, walikuwapo vyumbani, walikuwapo kando ya bwawa, lakini hawakuwapo kwenye karatasi yoyote. Walikuja kupitia wakala ambaye hakutuma habari zao, na safu ya huduma kwao haikuwa na 0. Haikuwa na kitu. Kwenye SQL hali hiyo inaitwa NULL, na maana yake ni sijui. Ukiipitisha NULL kwenye & unapata NULL. Ukiuliza kama NULL ni sawa na 16, jibu ni sijui. Ukiuliza kama ni sawa na 0, jibu bado ni sijui. Na WHERE humpitisha yule tu ambaye jibu lake ni ndiyo. Asiyejulikana hukataliwa kwenye milango yote miwili.

Mama Jikoni hakungoja nimalize kukuna kichwa. Alivua aproni, akaenda mezani kwa wale watatu na kuwauliza kwa mdomo wake. Mmoja wao alikuwa hawezi kugusa kamba.

Njia ya mkato niliijua: iambie safu isikubali NULL, ijaze 0 pasipo na habari. Wengi hufanya hivyo, na mara nyingi haina ubaya. Lakini usiku ule niliona kwamba 0 ingekuwa uongo. Ingesema mgeni hana mzio, wakati ukweli ni kwamba hakuna aliyemuuliza. Biti moja ina nafasi mbili tu, na maisha ya jikoni yana majibu matatu: ndiyo, hapana, na bado hajaulizwa. Ukilazimisha matatu yakae kwenye nafasi mbili, la tatu hujificha nyuma ya hapana, na hapo ndipo watu hudhurika. Niliongeza bendera ya sita, 32, yenye maana ya ameulizwa, pamoja na karatasi ya tatu ya wale wa kuulizwa. Karatasi hiyo ikawa ndiyo Mama Jikoni aliyoanza nayo kila jioni.

Na hapa ndipo nilipogundua nimemkosea adabu mzee wa mbuyu. Nilikuwa namcheka moyoni, kumbe chombo chake kilikuwa na kitu ambacho changu hakikuwa nacho. Ramli kamili haiishii kwenye kielelezo kimoja. Vinne vya kwanza hutoka mchangani. Vinne vya pili hupatikana kwa kuvisoma vile vinne kwa upande. Kisha vinaunganishwa viwili viwili mpaka kinapatikana kielelezo cha 15. Na cha 15 lazima jumla ya vidoto vyake iwe shufwa. Si bahati: kila kidoto cha mwanzo kimehesabiwa mara mbili, mara moja kwa wima na mara moja kwa upande. Ikitoka witiri, mpigaji anajua amekosea mahali, anafuta mchanga na kuanza upya. Sisemi ng'ombe walipatikana. Nasema hesabu yake ilikuwa na njia ya kujikagua, na ya kwangu ilingoja mpishi ahesabu sahani. Tangu siku hiyo kila orodha niliyoichapisha ilikuwa na mstari wa mwisho: jumla ya majina ya karatasi zote, na jumla ya wageni waliomo vyumbani. Zikitofautiana, hakuna anayepika.

Makosa mengine yalikuwa madogo, nayataja kwa wanaoanza kazi hii. Siku moja Mama Jikoni alitaka orodha ya wote wanaohitaji sahani ya pekee, wasiokula nyama au wenye mzio. Nne na 16 ni 20, nikaandika (huduma & 20) = 20, nikapata watu wawili. Nilikuwa nimeuliza wenye bendera zote mbili. Kwa mwenye mojawapo sharti ni (huduma & 20) <> 0. Siku nyingine nilihamisha sharti kutoka SQL kwenda kwenye PHP, lugha ya programu yangu, bila mabano. MySQL hufanya & kwanza, kisha hulinganisha; PHP hulinganisha kwanza. Kwa hiyo huduma & 4 == 4 ikasomwa: je, 4 ni sawa na 4? Ndiyo, yaani 1. Ikabaki huduma & 1, na kila aliyelipia chai akahesabiwa kuwa hali nyama. Mabano hayalipiwi kodi; yaweke.

Kisha ukaja mwaka 2020. Aprili, kwa sababu ya korona, serikali ilipofunga njia za kuingia na kutoka Kwale, Kilifi na Mombasa, ndege za wageni zikiwa zimekwisha kusimama mwezi uliotangulia, Galu ilirudi kuwa ya mbega na kaa. Hoteli ilifungwa. Meneja alinipa kazi ya nusu mshahara: hamisha mfumo uende kwenye databesi ya PostgreSQL, maana muda tunao.

Nilihamisha kila kitu kwa mkono wa haraka. Kitufe kimoja kilikuwa kikigeuza bendera ya Kisite, ikiwa juu ishuke, ikiwa chini ipande, kwa huduma ^ 8. Nikajaribu kwa mgeni wa kubuni mwenye 5, nikitarajia 13. Jedwali likanirudishia 390625. Niliikodolea macho namba hiyo dakika nzima kabla ya kukumbuka kwamba PostgreSQL hutumia # kwa XOR, na ^ kwake ni kipeo. Tano kwa kipeo cha nane. Mgeni wangu wa kubuni alikuwa amepandisha bendera ambazo hazijapata kushonwa.

Nilicheka peke yangu kwenye ofisi tupu, kisha nikafanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya miaka saba nyuma. Tangu tuanze tulikuwa na safu mlalo zipatazo 20,000. Safu moja badala ya tano, kwa baiti moja moja, iliniokolea baiti nne kwa kila mgeni: baiti 80,000. Picha moja ya bahari niliyoipiga kwa simu asubuhi ile ilikuwa kubwa kuliko akiba hiyo mara nyingi. Na hata kasi sikuwa nimeipata, kwa sababu indeksi ya kawaida juu ya safu ya huduma haisaidii sharti lenye &; databesi hulazimika kuisoma safu mlalo moja baada ya nyingine, kama mtu anayefungua kila mlango wa hoteli akiuliza nani hali nyama. Nafasi niliyoiokoa kwenye diski niliilipa kwa sahani ya mbuzi, kwa simu za dereva, kwa usiku wa vichwa vitatu vilivyopotea.

Nikatengeneza safu zenye majina. Ya kwanza niliiita hali_nyama, na kijana wa Nairobi aliyekuwa akinisaidia kwa mbali akaniuliza kwa nini hoteli inaweka kumbukumbu za hali ya nyama, kama ni mbichi au imeiva. Nikabadilisha: asiyekula_nyama. Jina nalo hutaka kazi. Kila safu ilikubali ndiyo, hapana, na NULL kwa yule ambaye bado hajaulizwa. Sharti la kumpata mtu sasa linasomeka hata kwa asiyejua SQL: WHERE asiyekula_nyama. Nilipomsomea Mama Jikoni kwenye simu, alisema, "Hiyo naielewa. Kwa nini hukuandika hivyo tangu mwanzo?" Sikuwa na jibu la kumpa mtu mzima.

Sijazichukia bendera. Kwenye ruhusa za mfumo, kwenye vifaa vinavyotuma hali zao kila sekunde, kwenye data inayoandikwa na mashine na kusomwa na mashine, nazitumia mpaka leo. Lakini nazitumia kwa masharti: kila biti ina jina lake kwenye programu, tena kuna jedwali dogo ndani ya databesi yenyewe linaloeleza 8 ni nini; kupandisha ni kwa | na kushusha ni kwa & ~, si kwa kujumlisha na kutoa; mabano kila mahali; na jibu la sijui limepewa pa kukaa. Pakiwa na mtu wa kusoma, awe mpishi au dereva, mpe neno. Anayeelewa karatasi yake ndiye atakayekusimamisha kabla hujamharibia mgeni siku.

Kazi ya mwisho ilikuwa kuzitafsiri zile namba za zamani ziingie kwenye safu mpya. Nyingi zilikwenda bila tabu. Zilizonishinda ni zile namba 9. Tisa ya mgeni aliyekwenda Kisite kweli na tisa iliyozaliwa na mbofyo wa pili zinafanana kama sarafu mbili. Hakuna alama ya SQL inayoweza kuzitenga. Nyingine niliziacha zilivyo, kwa sababu sikuwakumbuka wenyewe. Moja niliisahihisha kwa mkono. Mzee wa chumba namba 14 hakurudi tena Galu, lakini jina lake bado limo kwenye jedwali, na kwenye safu ya asiyekula nyama pameandikwa ndiyo.